Nepi Zilizokataa Sabuni

Mjukuu wangu ni dobi, na kama majivuno yangekuwa sabuni, angefua mji mzima na povu likabaki.

Watu humwita Nili. Jina alilipata kwa sababu ya masikio, maana yana ubluu uliofifia, na kila mtu alijua ni ile nili ya kung'arishia mashuka. Dobi hushika nili, kisha hujikuna sikio, mambo yakaisha. Hata mimi niliamini hivyo, tena nilimsuta kwa miaka: mtu analipwa kwa usafi na hawezi kunawa masikio yake mwenyewe. Alikuwa ananuna siku mbili. Mtu mzima, ana ndevu, ananuna kwa sababu ya masikio.

Duka lake lina vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kina kaunta, na ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA DOA HALINA MAISHA. Chumba cha pili ni cha pasi, na humo yumo mpiga pasi, mzee mwenye kifua kinachopuliza kama mvukuto, mtu mwema asiyeweza kutunza siri hata ukimshonea mdomo. Uani kuna mapipa matatu, la kulowekea, la kufulia na la kusuuzia, na kamba nane za kuanikia. Mimi kigoda changu kiko mlangoni mwa ua. Kazi yangu ni kuchambua: nyeupe huku, za rangi kule.

Ukichambua nguo za watu miaka kumi na miwili, hakuna wa kukudanganya. Najua mwalimu mkuu anakula kitandani. Najua yule mama wa nyumba ya kona analala na mbwa, na kati yao wawili msafi ni mbwa. Lakini mimi nikijua nanyamaza, au nasema kidogo tu. Nili yeye alikuwa anasoma hukumu. Atanyanyua shati la mteja mbele ya watu, alielekeze kwenye mwanga, kisha atasema, "Mama, hili si doa, hii ni tabia." Na watu walirudi, wakalipa, wakatukanwa tena. Mwanadamu akitukanwa na mtu mwenye kucha safi, hudhani ameshauriwa.

Sasa jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka yote hiyo nguo za Nili mwenyewe hazikupita mezani kwangu hata siku moja. Alizifua mwenyewe, kabla sijafika. Na zote zilikuwa nyeusi. Shati jeusi, suruali nyeusi, fulana nyeusi, utadhani anafanya kazi ya kuzika. Ukimuuliza, anakwambia nyeusi ni vazi la bosi. Na akienda chooni alibeba ndoo ya maji imejaa, na akishatoka anarudi na ya pili. Choo chetu kikawa kisafi kuliko vyumba vya kulala vya watu wengi, nami mjinga nikamsifu.

Aliyemfinyanga hivyo ni mama yake, binti yangu wa kumzaa. Nilimzaa kwa uchungu wa siku tisa, mkunga akachoka akaenda kwao akarudi, na bado akaja kuwa mwoga. Nili alipokuwa mchanga, binti yangu alimshonea nepi za kitambaa cheusi. Nikamuuliza, mbona nepi za msiba? Akaniambia nyeusi haionyeshi uchafu mapema, inaokoa sabuni. Nikaona nimezaa mtu mwenye akili.

Nili alipokua alimwoa binti wa mjomba wake, yaani mtoto wa mwanangu wa kiume. Msishangae. Ukoo wetu huoana kama kuku wa banda moja. Hata wazazi wa Nili ni mtu na binamu yake, maana baba yake alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mume wangu. Kwetu ukitaka kutukana ukoo wa mkweo lazima ujitukane, na wako waliofanya hivyo kwa moyo wote. Huyo binti ni mjukuu wangu kwa damu, lakini kwa kuwa Nili ni mjukuu pia, na mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, mimi namwita mke mwenzangu. Ndiye aliyeshika kaunta, akaandika vitambulisho vya nguo, akawabembeleza wateja waliotukanwa. Duka lilisimama kwa mikono yake, na Nili alidhani linasimama kwa maandishi ya ukutani.

Wakapata mtoto wa kike. Mnene, mcheshi, ananyonya kwa nguvu hadi mapazia yanasogea. Mke mwenzangu, kwa furaha ya uzazi wa kwanza, akamnunulia nepi dazeni mbili, nyeupe. Hakushauriana na shangazi yake, ambaye sasa ni mama mkwe wake. Angeshauriana naye, pengine haya yote yangebaki gizani hadi leo.

Nepi ikitoka kwa mtoto ilikuwa ya kawaida. Ukiiacha kwenye beseni hadi mchana, unakuta ina rangi ya kahawia, kama mtu ameimwagia chai. Mke mwenzangu akaipiga sabuni. Ikazidi. Akaita fundi mwenyewe, Nili, naye akaja amekunja mikono ya shati, anatabasamu kwa dharau, akatia magadi. Nepi ikawa nyeusi kama imepitishwa ndani ya bomba la moshi. Akaongeza magadi. Ikawa nyeusi zaidi. Sabuni ile ile iliyoshinda mafuta ya gereji na damu ya bucha ilishindwa na mkojo wa mtoto wa kilo sita.

Nilikuwa kwenye kigoda changu, namtazama usoni. Kwanza alishangaa. Kisha mshangao ukatoka, na mahali pake ikaingia hofu, ile ya mtu aliyeona kitu anachokifahamu. Akaiweka nepi chini taratibu, akaenda kukaa kaunta muda wa kupika maharage.

Aliporudi uani alikuwa ameshachagua wa kumbebesha. Akamuuliza mkewe, mbele ya wateja wawili, anamlisha nini mtoto. Kesho yake akamuuliza anafua kwa mikono gani. Siku ya tatu akamwambia mwanamke asiyeweza kutakasa nepi hawezi kukaa katika nyumba ya dobi. Siku ya nne akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo. Akasema, "Katika damu yangu hakuna mtu wa kukojoa wino. Huyo mtoto si wangu."

Nimewahi kuona watu wengi wabaya, na mmoja niliolewa naye. Lakini ubaya wa marehemu ulikuwa wa wazi, unausikia ukifungua mlango. Huu wa mjukuu wangu ulikuwa umepigwa pasi na kukunjwa.

Tangu siku hiyo hakumbeba mtoto tena. Binti yangu akaja, akakaa na mwanawe chumbani, wakaandika barua ya kumrudisha mke kwao. Kwao penyewe ni kwa mwanangu, mjomba wake Nili. Alitaka kumrudishia mjomba wake binti, mtoto hana baba, na barua inayosema mama ni mchafu. Na siku ikapangwa, Jumamosi, mjomba aitwe aje aipokee mwenyewe. Mke mwenzangu hakulia mbele yao. Alikuja kulia kwangu, akiwa ameegemea rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, akanieleza kwamba si kuachwa kunakomuumiza. Akasema, "Bibi, mtoto wangu ataandikwa nini kwenye kadi ya kliniki? Sehemu ya baba wataweka nini?"

Nikamwambia afunge nepi tatu kwenye mfuko, twende hospitali. Nili alikuwa amekataza, na hiyo ilikuwa sababu ya pili ya kwenda.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Nilidhani akiziona nepi ataita walinzi. Alizinusa. Akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki aliyesoma naye. Akamtegea mtoto kichupa, akapata mkojo kidogo, akaugawa mara mbili. Chupa moja akaiweka dirishani. Nyingine akaitia maji ya magadi, na ikawa nyeusi kabla sijamaliza kupiga chafya. Ile ya dirishani ilianza kuwa nyeusi juu, pale inapogusana na hewa, na weusi ukateremka polepole. Akasema anadhani anajua ni nini, ila damu ya mtoto itapelekwa maabara kubwa kuthibitisha. Wakati huo huo baba aje Ijumaa.

Nili alikubali kwa haraka iliyonitia shaka. Sharti lake lilikuwa moja: mkojo atauleta na chupa kutoka nyumbani, kwa sababu yeye hawezi kukojoa ugenini.

Ijumaa asubuhi mpiga pasi akanijia kwenye kigoda, amekunja uso. Akazunguka, akakohoa, akauliza habari za mgongo wangu. Mwishowe akaniuliza hivi, "Bibi, wakikuta sukari kwenye ile chupa, wataniambia mimi au watamwambia yeye?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamuulizia mwenyewe.

Tukaenda wanne: Nili, mke mwenzangu, mtoto na mimi. Nili aliiweka chupa mezani kama mtu anayelipia gari. Daktari akaisogeza dirishani. Tukasubiri saa nzima. Mkojo ulibaki wa manjano, mzuri, wa kupigiwa picha. Daktari akadondosha magadi. Hakuna kitu. Nili akakunja mikono, akasema kwa sauti ya yule mtu wa kusoma hukumu kwamba sasa mwenye wino amejulikana, na yeye ana kazi, wateja wanamngoja. Mke mwenzangu akamshika mtoto kifuani, akatazama sakafu.

Daktari alikuwa haangalii chupa. Alikuwa anaangalia masikio. Akamwomba Nili ageukie mwanga, akachukua pamba na spiriti, akasugua sikio la kulia hadi likawa jekundu pembeni. Pamba ikatoka nyeupe. Ubluu ulikuwa pale pale, ndani, chini ya ngozi. Miaka yote ile nimemsuta mtu kwa uchafu ambao haukuwa uchafu, na hilo namwomba radhi, hilo tu. Kisha akamvuta kope, akatuonyesha kidoa cha kijivu ndani ya weupe wa jicho. Akamuuliza mgongo ulianza kuuma lini.

Nili akasema ni kwa sababu ya pasi.

"Pasi umeishika mwaka gani?" nikamuuliza. Kisha nikamgeukia daktari. "Daktari, hiyo chupa ina sukari? Mwenyewe anauliza, yuko dukani."

Daktari aliuma mdomo asicheke. Mke mwenzangu hakucheka. Alimtazama mumewe, na nilimwona akielewa jambo moja baada ya jingine: nguo nyeusi, ndoo mbili, barua. Akamuuliza kwa sauti ndogo, "Ulikuwa unajua?"

Nili akasema alikuwa hajui jina lake.

Hilo ndilo jibu. Alikuwa hajui jina lake. Tangu utotoni anaona shuka lake likigeuka, mama yake anamwambia asimwambie mtu, na anapoona jambo hilo hilo kwa mwanawe, mtoto wa miezi mitano asiye na meno, anamgeuka na kusema hamfahamu, kwa sababu tu hakuwa anajua jina.

Daktari hakungoja tena maabara, akautaja ugonjwa kwa jina refu la kuuma ulimi, kisha akatueleza vizuri, nami nawaambia kama nilivyopokea. Ndani ya ini la mtu kuna vitu vinaitwa vimeng'enya. Ni vidogo hata huwezi kuvichambua, na kazi yake ni kuvunjavunja chakula. Kila kimeng'enya kina kazi moja tu, hakijui nyingine. Ukila nyama, yai, maharage, hata mtoto akinyonya maziwa, ile protini hukatwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina mfanyakazi wake. Nikamwambia naelewa, ni kama uani kwetu, yuko wa kuloweka, wa kufua, wa kusuuza, wa kuanika. Akasema ndiyo, Bibi, sasa chukulia msuuzaji hayupo. Waliomtangulia hawajui kama hayupo. Wanaendelea kumletea nguo za povu, na rundo linapanda hadi darini.

Rundo hilo katika mwili ni asidi moja. Nyingi yake figo huitupa kwenye mkojo, na ikikutana na hewa huwa nyeusi. Ikikutana na sabuni au magadi huwa nyeusi haraka zaidi. Kwa hiyo fundi wetu, kila alipoongeza magadi kuitakasa nepi, alikuwa anaipaka rangi. Asidi inayobaki mwilini hujipaka polepole kwenye gegedu, ile sehemu laini ya masikio, ya magoti, ya katikati ya mifupa ya mgongo, na miaka thelathini au arobaini ikipita gegedu hukakamaa na kuanza kuvunjika. Ndiyo sababu mgongo wa Nili ukiinama unalia hadi kuku wa jirani wanaacha kutaga.

Mke mwenzangu akauliza kuhusu mtoto. Daktari akamwambia mtoto haumwi. Atatambaa, atakimbia, atasoma, atamsumbua. Akiwa mtu mzima atachungwa mgongo, viungo, figo na moyo. Dawa zipo huko duniani, hospitali yao haina, lakini kuna muda mrefu wa kuziulizia.

Kisha akachora. Akachora miduara na miraba, akaiunganisha kwa mistari, akanieleza kwamba kila mtu hupewa maagizo mawili ya kutengeneza kimeng'enya hicho, moja la baba, moja la mama. Likiharibika moja, la pili hutosha, unaishi miaka tisini hujui kitu. Yakiharibika yote mawili ndipo msuuzaji hapatikani. Akaniuliza nani kaoa nani, nikamtajia, na kila nilipotaja mistari ilirudi kwa watu wale wale, hadi karatasi ikafanana na soksi iliyofumwa na mlevi. Mwishowe mistari yote ikakutana kwa marehemu mume wangu na ndugu yake. Mimi nikabaki pembeni, duara jeupe. Nikamwomba ile karatasi. Ninayo.

Nili alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, na nilidhani ameanza kuona aibu. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Akasema kwamba kama ni hivyo, basi na mke wake ana agizo moja bovu, kwa hiyo kosa ni nusu kwa nusu.

Daktari akamjibu kwa upole kwamba hili halina kosa la mtu yeyote. Daktari amefundishwa upole. Mimi sikufundishwa, nikamwambia ugonjwa hauna kosa, barua inalo.

Jumamosi mwanangu akaja. Ni mtu mzito, fundi wa matofali, anazungumza maneno sita kwa siku na matatu ni salamu. Alikaa kwenye benchi la wateja, duka limefungwa. Binti yangu alikaa karibu na mwanawe, macho yamevimba. Nilimwambia aeleze habari za nepi za kitambaa cheusi, akaeleza huku analia, akasema aliogopa watu watasema ukoo umelaaniwa. Kwa hiyo aliona heri aseme mpwa wake ni mchafu. Sikumfariji. Nilimpa leso.

Nili akasimama kuzungumza. Akaanza na ini. Akaeleza vimeng'enya, hatua, asidi, maagizo mawili, kwa madaha, utadhani aliyavumbua yeye wiki iliyopita. Mjomba wake akamwacha hadi akafika kwenye gegedu.

"Nimekuja kuuliza habari za mtoto," akasema, "sijauliza habari za ini."

Nili akasema anafika huko.

"Mtoto ni wako au si wako?"

"Mjomba, kitaalamu—"

"Nili."

Akasema ni wake. Alisema akitazama kaunta.

Nilidhani yameisha. Lakini mke mwenzangu akaitoa ile barua kwenye droo ya kaunta, akampa Nili. Akamwambia aisome kwa sauti, kwa kuwa baba yake amesafiri kuja kuisikia. Nili akasema hakuna haja. Mama yake akasema hakuna haja. Mwanangu akasema, "Soma."

Akasoma. Sauti yote ya hukumu ilikuwa imemwisha. Alipofika kwenye mstari unaosema mke huyu ni mchafu asiyefundishika na mtoto aliyenaye hana asili katika nyumba hii, ilibidi ajaribu mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mke mwenzangu alimsubiri amalize hadi sahihi. Kisha akamsogezea kadi ya kliniki na kalamu, akamwonyesha kwa kidole sehemu ya baba, na chini yake sehemu ya magonjwa ya ukoo.

Nili akaandika jina lake. Kwenye sehemu ya pili akasita, akauliza kama haiwezi kuachwa wazi, kwa sababu kliniki wauguzi wengine ni wateja. Kidole cha mkewe kilibaki pale pale. Akaandika. Mwandiko ulikuwa mdogo kama wa chungu, lakini unasomeka. Nilimwita mpiga pasi kutoka chumba cha pili ausome, akausoma, na kwa kuwa ni yeye, kufikia saa kumi mtaa mzima ulikuwa umeusikia.

Mke mwenzangu akaipuliza kadi ikauke, akaitia kwenye mfuko wa mtoto, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka na baba yake. Nili akauliza anakwenda wapi wakati mambo yameshakwisha. Alikuwa anashangaa kweli, maskini. Alidhani mtu akikiri anapewa na zawadi.

Mke mwenzangu alikaa kwao miezi mitatu. Nili alikwenda kila Jumapili, mgongo unalia kwenye benchi la basi, na alirudi kila Jumapili peke yake. Dukani nguo zilipotea, mwalimu mkuu akapewa mashuka ya nyumba ya wageni, wateja waliotukanwa hawakupata wa kuwabembeleza, wakahama. Mwezi wa nne, Jumatatu moja, mke mwenzangu akaingia na mtoto, akaingia nyuma ya kaunta na kufungua daftari la vitambulisho.

Watu wanasema amemsamehe. Majirani wamemsifu Nili kwa uvumilivu, na yeye amekubali sifa hizo, ndivyo alivyo. Mimi nilimuuliza mke mwenzangu moja kwa moja, tukiwa tunachambua nyeupe na za rangi, kama kweli amesamehe.

Akanyoosha shuka, akatafuta pembe zake. "Bibi," akaniambia, "mimi nimerudi kazini."